Muulize Fundi Mitambo: Harusi moja, bili ya dola 216

Shikamoo mzee. Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Tanga. Mwezi uliopita nilipata kazi ya kurusha harusi mubashara kwa ajili ya ndugu wa bwana harusi walioko Muscat na wengine Uingereza. Familia haikutaka sherehe yao iende kwenye mitandao ya kijamii, wakaomba ukurasa wenye neno la siri. Nikajiunga na kampuni ya kusambaza video inayotoza senti 8 za dola kwa kila gigabaiti. Kabla ya kazi nilipiga hesabu: narusha kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa tano, jumla gigabaiti 18. Mara senti 8, haifiki hata dola moja na nusu. Nikawatoza familia shilingi laki tatu, nikajua nimepata. Bili imekuja dola 216. Nimelalamika, wamenijibu hesabu yao ni sahihi, wakanitumia na ripoti: saa za utazamaji 750, na waliokuwa wanatazama kwa pamoja wakati wa kilele ni watu 310. Nimeibiwa? Na mwezi ujao nina harusi nyingine Pongwe. Niiache?

Mpiga picha, Tanga

Marahaba mwanangu. Hukuibiwa, na harusi ya Pongwe usiiache.

Hesabu yako ya gigabaiti 18 haina kosa. Ndicho kiasi kilichotoka kwenye kompyuta yako ukumbini kwenda kwenye seva yao. Ulichosahau ni safari ya pili, ya kutoka kwenye seva kwenda kwa watazamaji, na hiyo ndiyo inayolipiwa. Mimi nimekulia kwenye redio na televisheni za mnara. Ukiwasha mtambo wa redio, wasikilize watu kumi au wasikilize laki moja, bili ya umeme ya mtambo ni ileile. Intaneti haiko hivyo. Kila aliyefungua ukurasa wako alivuta nakala yake mwenyewe kuanzia dakika aliyoingia mpaka alipotoka. Ni kama pilau ya hiyo harusi: sufuria ni moja jikoni, lakini mchele unaununua kwa idadi ya sahani.

Kwa hiyo shika kanuni hii, nimeitumia miaka mingi na haijaniangusha. Megabiti 1 kwa sekunde ikienda saa nzima ni megabiti 3,600. Baiti moja ina biti nane, gawa kwa nane, unapata megabaiti 450. Yaani kila megabiti 1 ni gigabaiti 0.45 kwa saa. Basi zidisha: saa za utazamaji, yaani saa za watazamaji wote zikijumlishwa, mara megabiti, mara 0.45. Kwako ni 750 mara 8 mara 0.45, jibu gigabaiti 2,700. Mara senti 8, dola 216. Bili yao na karatasi yangu zimekutana bila kupishana hata senti.

Hapo kuna vitu vitatu: watu, muda na biti. Watu huwezi kuwapunguza, ndio waliokuleta kazini. Muda ni wa sherehe, na sherehe zetu unazijua, kadi ikisema saa moja jioni bwana harusi anaingia saa tatu. Kilicho mkononi mwako ni biti peke yake, na hicho ndicho ulichokiweka bila kufikiri. Nikikuuliza kwa nini 8, sidhani kama una sababu zaidi ya kwamba programu iliruhusu.

Usichanganye pia mzigo na njia. Gigabaiti 2,700 ni mzigo, jumla ya kilichobebwa usiku kucha. Njia ni upana unaohitajika kwa sekunde moja. Watu wako 310 wakati wa kilele, nadhani ni pale bi harusi alipoingia, kila mmoja akivuta megabiti 8, ni megabiti 2,480 kwa sekunde, karibu gigabiti mbili na nusu. Ungekuwa umekodi seva yako ya bei nafuu yenye njia ya gigabiti 1, kama vijana wengi wanavyofanya ili kukwepa kulipia kwa gigabaiti, picha ingeganda kwa wote katika dakika ileile waliyoisubiri kuliko zote. Kwa hiyo unapomkadiria mteja, piga hesabu mbili: wastani wa watazamaji kwa ajili ya bili, na kilele kwa ajili ya njia. Wako wastani ulikuwa 150, yaani saa 750 kugawa kwa saa tano za sherehe, kilele 310.

Sasa Pongwe. Usirushe ubora mmoja. Tengeneza ngazi ya vidato vitatu, yaani video ileile kwa viwango vitatu vya ubora, kicheza video cha mtazamaji kitachagua chenyewe kulingana na kasi ya mtandao wake. Ndiyo kazi ya HLS, mfumo uliotolewa na Apple mwaka 2009, na karibu kila kampuni ya kusambaza video inao. Kwa harusi mimi ningeweka 720p (picha yenye mistari 720 kutoka juu hadi chini) kwa megabiti 2, 480p kwa megabiti 1, na 360p kwa nusu megabiti, kila kimoja na sauti ya kama kilobiti 96 (kilobiti 1,000 ni megabiti 1). Wa Muscat na Uingereza wenye intaneti ya waya watakaa juu, wa Handeni wenye bando watashuka chini wakiendelea kuona.

Tuchukulie asilimia 60 ya muda wa utazamaji itakuwa kidato cha juu, 30 cha kati, 10 cha chini. Wastani ni megabiti 1.55, ongeza sauti, sema 1.65. Mara 0.45 mara saa 750 ni gigabaiti 557. Mimi huongeza asilimia 5 kwa ajili ya vifungashio vya data, yaani taarifa za ziada zinazosafiri pamoja na video, inakuwa 585. Mara senti 8, dola 47. Sherehe ileile, watu walewale, saa zilezile. Na kile kilele cha watu 310 kinashuka kutoka gigabiti mbili na nusu hadi kama megabiti 510.

Angalia jambo moja kabla ya kushangilia. Kuna anayetengeneza hivyo vidato vitatu. Ukiwaachia kampuni, nyingi hutoza kwa dakika, na saa tano mara vidato vitatu ni dakika 900. Soma bei yao mapema. Ukitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta yako, utahitaji mashine yenye nguvu na utapandisha vyote vitatu kwa pamoja, jumla ya kama megabiti 3.8. Lakini hata hiyo ni chini ya nusu ya zile 8 ulizokuwa unazisukuma kwenye modemu moja ukumbini. Tafuta njia ya kupandisha yenye angalau mara mbili ya unachorusha. Ukiwa na megabiti 4 za kurusha, pima kabla ya siku, saa zilezile za usiku, palepale ukumbini, upate 8 au zaidi.

Utaniambia: mzee, megabiti 2 picha itakuwa mbovu. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo fundi anapoonekana.

Enkoda, ile programu inayobana video kabla ya kutumwa, haitumi picha nzima kila mara. Inatuma picha moja kamili, halafu kwa zinazofuata inatuma kile kilichobadilika tu. Ukimrekodi padri aliyesimama mimbarini, nyuma yake ukuta, kinachobadilika ni mdomo na mikono, na nusu megabiti inamtosha. Harusi ni kinyume chake. Vitenge vinazunguka, karatasi zinazomeremeta zinamwagwa, taa za rangi zinakimbia ukutani, gauni lina shanga elfu moja na kila shanga inawaka kivyake. Kila kitu kinabadilika kwa pamoja na enkoda inalia njaa.

Lakini mlaji mkubwa kuliko wote huwa hamumuoni. Ni giza. Kumbi zetu huzimwa taa bi harusi anapoingia, na wewe kwa silika unaipandishia kamera usikivu ili umuone. Kamera inamuona, lakini inaleta na chenga, zile nukta ndogo zinazochemka gizani. Kwako ni uchafu kidogo. Kwa enkoda kila chenga ni kitu kipya kilichobadilika, kwa kila picha, mara 25 kwa sekunde. Biti ambazo zingeenda kwenye uso wa bi harusi zinatumika kuchora chenga za ukutani. Nimeona kijana akipandisha kutoka megabiti 3 hadi 6 kwa ajili hiyo, na picha ikabaki mbovu vilevile. Nilimwambia aombe taa mbili tu zielekezwe njia ya kuingilia, nikamrudisha 2.5, na mama wa bi harusi akasema sasa ndiyo anamuona mwanawe. Taa ya kuazima ina thamani kuliko megabiti za kununua.

Mambo mengine nayapita haraka. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo rekodi picha 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za ukumbini zitapepesa kwenye picha na huo mpepeso nao unakula biti. Picha 50 kwa sekunde ziachie mpira wa miguu. Weka fremu kamili, ile picha nzima niliyoitaja, kila sekunde mbili. Kamera iweke kwenye miguu yake badala ya kuishika mkononi, maana mkono ukitikisika hata ukuta unahesabiwa kuwa umetembea. Na kwenye ukurasa wako zima kile cha kujicheza chenyewe: mtu afungue, aone picha iliyosimama, abonyeze mwenyewe. Saa zako 750 sina shaka ndani yake wamo watu walioacha simu ikicheza mezani wakaenda kulala.

Sauti usiiguse. Nakueleza kwa nini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania nzima intaneti ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Wiki hiyo nilikuwa Korogwe kwenye msiba, nimeombwa kumrushia binti wa marehemu aliyekuwa Doha na hakupata ndege. Nilikuwa nimejiandaa kwa megabiti 2. Nikapima, nikapata kilobiti 700, na hizo zenyewe zinapanda na kushuka. Nikashuka mpaka 360p, picha 15 kwa sekunde, kilobiti 350, sauti kilobiti 64 za peke yake. Picha iliganda mara nyingi. Sauti haikukatika. Alisikia dua yote, alisikia jina la baba yake likitajwa, alisikia udongo. Alinipigia siku ya tatu na hakuzungumzia picha hata kidogo. Toka siku hiyo, mtu akiniuliza aanze kupunguza wapi, namwambia picha, na sauti iwe ya mwisho kabisa.

Kwa mteja wa Pongwe, mtoze kwa uwazi. Mwandikie kwamba bei yako inabeba saa za utazamaji 800 kwa mfano, na zikizidi, kila saa 100 za ziada ni kiasi fulani. Kwa ngazi niliyokupa, saa 100 ni kama gigabaiti 78, yaani dola 6 na senti kidogo. Mzazi anayelipia harusi anaelewa hesabu ya sahani za ziada, na hii ni hiyohiyo.

---

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Songea. Nikijiunga bando la GB 1, tamthilia moja tu haijaisha bando limekwisha. Mume wangu anasema simu yangu ni mbovu inamwaga MB. Ni kweli?

Mama wa watatu, Songea

Nzuri mama, asante. Simu yako haina kosa. Ile kanuni ya juu inafanya kazi hata kwako. Video ikija kwa megabiti 5 kwa sekunde inakula gigabaiti 2.25 kwa saa, maana yake GB 1 inakwisha kwenye dakika ya 27. Video hiyohiyo ikija kwa megabiti 1, GB 1 inakupeleka saa mbili na dakika kama 13. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba ubora wao wa chini unakula hadi gigabaiti 0.3 kwa saa, na ubora wa HD hadi gigabaiti 3. Tofauti ni mara kumi, na tamthilia ni moja.

Tatizo ni kwamba ukiacha kwenye chaguo la kujipangia, programu inapima kasi ya mtandao wako, haipimi mfuko wako. Mtandao wa Songea ukiwa mzuri usiku, inapanda yenyewe hadi juu kabisa. Ingia kwenye mipangilio, uchague 480p, kwenye kioo cha simu hutahisi umepungukiwa. Halafu uzime ile ya kuanzisha video inayofuata bila kuulizwa. Watoto wakilala na simu mkononi, hiyo ndiyo inayomaliza bando mpaka alfajiri.

Na mwambie baba, kwa heshima, simu isibadilishwe kwa sababu hii.

---

Assalaam alaykum. Nasomesha hisabati skuli ya sekondari Pemba. Nimerikodi masomo 40 ya nusu saa kila moja kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha nne, kama 200 hivi. Ni maandishi kwenye skrini na sauti yangu. Programu imenitolea 1080p kwa megabiti 2.5. Mpwa wangu aliyeko chuo anasema nibadilishe kuwa AV1, mfumo mwingine wa kubana video, ndiyo itakuwa rahisi kwa wanafunzi. Naomba ushauri.

Mwalimu, Wete

Waalaykum salaam mwalimu. Kwanza hongera, kurekodi saa 20 za hisabati peke yako si kazi ndogo.

Tuanze na mwanafunzi mmoja. Saa 20 kwa megabiti 2.5 ni gigabaiti 22.5. Fikiria mtoto wa Micheweni ananunua bando la gigabaiti 22 ili amalize silabasi. Wote 200 ni gigabaiti 4,500, na huo ndio mzigo utakaolipiwa huko utakakoweka video. Ila nadhani wewe kama mimi kinachokuuma zaidi ni hizo 22.5 za mtoto.

Mpwa wako anasema kweli kwamba AV1, iliyotolewa mwaka 2018, inabana zaidi kuliko H.264 ya mwaka 2003. Lakini H.264 inafunguka kwenye karibu kila simu iliyoko mikononi mwa watu, kwa sababu chipu zake zina sehemu maalumu ya kuifungua. AV1 kwenye simu ya zamani isiyo na sehemu hiyo inafunguliwa kwa nguvu za prosesa: simu inapata moto, betri inakwisha, na video inakwamakwama. Wanafunzi wako wengi nadhani wanatumia simu zilizopita mikono miwili kabla ya kuwafikia. Baki na H.264.

Nafuu yako kubwa iko kwenye aina ya picha uliyonayo. Maandishi yaliyotulia karibu hayabadiliki, kwa hiyo enkoda haina cha kutuma. Netflix waliliona jambo hili na Desemba 2015 wakaeleza kwamba wanaacha ngazi moja kwa filamu zote, ile iliyokuwa inatoa kilobiti 5,800 kwa 1080p bila kujali ni kitu gani kinachezwa. Wakaanza kuipimia kila kazi kivyake, maana katuni yenye rangi tambarare inahitaji sehemu ndogo tu ya kile kinachohitajiwa na filamu ya mapigano. Somo lako la hisabati ni jepesi hata kuliko katuni.

Punguza picha ziwe 15 kwa sekunde na ukubwa uwe 720p. Usishuke chini ya hapo, herufi ndogo zitafifia: kwa maandishi ni bora kupunguza idadi ya picha kuliko ukubwa wa picha. Kisha, badala ya kuilazimisha enkoda itumie megabiti 2.5 hata inapokuwa haina cha kuchora, ipangie ubora na uiachie ichague biti. Kwenye FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video, hicho ni kipimo cha CRF: x264, enkoda ya H.264, yenyewe huanzia 23, na namba ikipanda faili linapungua. Jaribu 26 na 28, sauti yako iwe chaneli moja kwa kilobiti 48 au 64. Ukigawa ukubwa wa faili kwa muda wa somo na ukakuta jumla iko kwenye kilobiti 400, saa 20 zinakuwa gigabaiti 3.6 kwa mwanafunzi, na wote 200 gigabaiti 720.

Ikiwezekana wawekee pia faili la kupakua, wavute mara moja skuli na kulirudia nyumbani bila bando. Mtoto anayerudia somo la logi mara tatu asilipie mara tatu.

Kabla hujabadilisha yote 40, fanya jaribio kwa somo moja, na chagua lile lenye vipeo na sehemu ndogo kuliko yote, maana huko ndiko ubovu utakakoanza kuonekana. Waazime wanafunzi watatu wenye simu za hali ya chini, waambie wakusomee kipeo kilichoandikwa juu ya x. Wakikisoma, badilisha yaliyobaki. Wakikosea, rudi kwenye 26 ujaribu tena.